Mizunguko Kumi

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Ausi kule Mtua, na kwenye hitima yake pilau ilikuwa nyingi hivi kwamba nikisema masinia yalipangwa kutoka mlangoni hadi Nachingwea mjini nitakuwa nimepunguza. Nilikaa mkekani, sinia moja na watu wawili. Mmoja wao alikuwa Selemani, ambaye sikuwa nimekula naye kwa miaka kumi na saba. Mwingine alikuwa mgeni wa kutoka Dar, mkwe wa watu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na ana haraka ya kusahihisha wenzake. Alipomwona Selemani anachota pilau kwa mkono wa kushoto, akamwambia kwa ule upole unaoudhi kuliko tusi, "Mzee wangu, tule kwa kulia, ndiyo sunna." Selemani akatafuna, akameza bila haraka, kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni na kuuweka juu ya goti: kidole gumba, na kipande cha kidole cha mwisho. "Huu ulifanya kazi nyingi ujanani, shehe," akasema. "Umestaafu mapema." Watu wakacheka, mgeni akaomba radhi mara saba. Mimi sikucheka, na wanaonijua wanajua kwamba mimi hucheka hata kwenye foleni ya sindano. Niliutazama ule mkono na tonge nikalirudisha siniani.

Wanaoandika maisha yao huanza na babu na shamba la babu. Wa kwangu namwacha apumzike Marambo, hana kosa. Nianze na mwaka niliotimiza miaka ishirini na sita, mwaka niliomaliza shule ya jioni pale Nachingwea nikiwa na cheti chenye muhuri mkubwa kuliko sahani ya chai. Darasa letu lilikuwa na kompyuta sita, nne zikifanya kazi na mbili zikifanya kelele, na mchoro wangu wa mwisho ulikuwa wa springi ya kusokota. Hiyo si ile ya kubonyea kama ya godoro. Ni waya uliopindwa mapindo mengi kuzunguka shafti, yaani mhimili wa chuma, na nguvu yake huja ukiisokota kutoka mwisho mmoja, kama unavyokamua nguo iliyofuliwa. Mwalimu alitunakilia programu ya kuzipiga hesabu. Unaiambia unene wa waya, upana wa pindo, idadi ya mapindo na kiasi utakachoikaza, nayo inakuchorea springi yako kwenye kioo na kuipaka rangi. Kijani, lala salama. Manjano, fikiria tena. Nyekundu, waya umezidiwa. Ilikuonyesha hata jinsi springi inavyokonda tumbo na kurefuka kadiri unavyoikaza, kama mtu mwenye mawazo. Mimi niliona nimepewa funguo za dunia. Nilitangaza mtaani kwamba kabla ya mfungo kuisha ningekuwa nimeitwa Japani. Watu wakanipa jina la Injinia wa Jioni, na badala ya kuona kwamba ni kejeli, nikalivaa kama koti.

Fundi Ausi alinichukua karakanani kwake kwa sababu ya ile programu, maana yeye mwenyewe springi alizijua kwa mkono tu. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye giza hata saa sita mchana, sakafu imelowa oili ya miaka mingi, na ukutani springi zilizokatika zimetundikwa kwenye misumari, moja moja, kila moja na kipande cha karatasi kinachosema ilikatikia wapi. Nilimwambia zinaleta nuksi. Akajibu, "Hizo ndizo shule yangu. Yako ina umeme." Mchana mkewe, Bi Somoe, alituletea chakula upande wa nyuma: ugali wa muhogo na kisamvu, na msimu wake ukifika ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, ambayo Selemani aliimenya kwa mkono mmoja huku wa pili ukishika nyingine, kwa kasi ambayo ungedhani ana vidole ishirini. Selemani ndiye aliyekuwa mfungaji wetu, wa kwenda kuzifunga springi kwenye milango ya wateja. Mmakonde wa Mkotokuyana, mimi Mmwera, basi utani haukuisha. "Nyie Wamwera," angesema, "mkiona panya mnahadithia simba." Na mimi ningemwambia Mmakonde akipewa nondo na mkate huula mkate kwa hasira ili arudi kwenye nondo. Siku moja, nikiosha mikono nyuma ya ukuta, nikamsikia Fundi akimwambia mkewe, "Kijana ana akili, sikatai. Lakini mdomo wake unamtangulia hatua tatu." Bi Somoe akasema, "Si mdomo huo unamchekesha hata yeye mwenyewe?" Fundi akajibu, "Springi haichekeshwi, mama Rukia. Inakaa na kila ulichoifanyia." Niliyasikia vizuri kabisa maneno yale. Nikakausha mikono na kwenda kuwahadithia wenzangu kwamba Fundi amenisifia akili.

Sasa lazima niseme habari ya neno, kwa sababu neno ndilo lililofanya yote. Ile programu ilizungumza Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa na majina matatu kwa mambo matatu: waya ulivyopindwa, springi inavyokazwa, na mlango unavyofunguliwa na kufungwa mpaka springi ichoke. Karakanani kwetu vyote vitatu vilikuwa neno moja. Springi ina mizunguko arobaini, yaani mapindo ya waya. Ikaze mizunguko saba, yaani ivutwe kwa nondo. Itadumu mizunguko kadha wa kadha, yaani mlango upande na kushuka mara hizo. Hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa, kwa sababu Fundi hakuwahi kuandika namba. Yeye na Selemani walikaza kidogo, wakainua mlango hadi kiunoni, wakauachia. Ukishuka, bado. Ukipanda, umezidisha. Ukisimama peke yake kama mtu aliyesahau alichofuata, imetosha. Walifanya hivyo mlango baada ya mlango, na mimi niliyetoka shule ya jioni niliona aibu kwa niaba yao. Kule kufanya kazi nilikuita kupapasa.

Msimu wa korosho ulipokaribia ikaja kazi ya Ruangwa. Ghala moja lilikuwa na mlango mpana wa vipande vya bati nene, wa kupanda juu kwa reli, na springi zake mbili zilizokaa juu ya kizingiti cha juu zilikuwa zimekatika. Nilikwenda kuupima mwenyewe. Mtunza ghala alikuwa Bi Fatu, mama mnene wa heshima zake, miwani imening'inia kifuani, na aliponiita "Injinia" mbele ya wapagazi hakuwa na kejeli hata chembe. Nilivimba. Nilimwambia kompyuta haikosei, na kwamba springi zangu zitafungua mlango ule mpaka wajukuu zake wawe watunza ghala. Niliporudi Nachingwea nikapiga hesabu siku nne. Kijani kitupu. Mapindo arobaini, zikazwe mara saba, na mlango ufunguliwe na kufungwa mara elfu kumi bila springi kulalamika. Ile elfu kumi ndiyo iliyonilevya. Fundi Ausi alikuwa amekwenda Mtua kumwuguza dada yake, kwa hiyo zilipokamilika, mimi ndiye niliyechukua brashi. Kwenye kila springi nikaandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, MZ 10. Nilihesabu kwa maelfu: mizunguko elfu kumi, dhamana yangu kwa dunia. Ile saba ilibaki kwenye daftari langu, juu ya meza.

Selemani alipozipakia akapitisha kidole juu ya rangi. "Hii ndiyo namba?" Nikamwambia, nakumbuka mpaka nilivyokuwa nimesimama, mguu mmoja juu ya boksi kama mtu anayepigwa picha: "Hiyo ndiyo namba, mtani. Safari hii usipapase. Ukiona namba, fuata namba." Akasema, "Haya, Injinia. Sisi ni watu wa kutumwa." Gari likaondoka. Mawingu ya kwanza ya mwaka yalikuwa yamejazana upande wa Ruangwa, meusi chini, na hewa ilikuwa nzito kiasi kwamba kuku walikaa na midomo wazi.

Kesho yake asubuhi, saa nne, Bi Somoe aliniletea chai akasimama nyuma yangu. Alikuwa hajawahi kuiona ile programu ikifanya kazi. "Nionyeshe basi hicho kinachomnyima mume wangu usingizi," akasema. Nikamchorea springi ya Ruangwa, kijani, nzuri kama jani la mhindi mchanga. Akauliza, "Na nyekundu inakujaje?" Nikacheka, nikamwambia aangalie, na penye sehemu ya kukaza nikafuta saba nikaweka namba ya kwanza iliyonijia kichwani, ambayo ilikuwa kumi, maana nilikuwa nimeiandika mara mbili kwa brashi siku iliyopita. Springi ikawa nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Bi Somoe akasema, "Subhanallah, kama nyama buchani." Mimi bado nilikuwa nacheka. Kisha nikaisoma ile kumi. Nikaisoma tena. Ndiyo kumi aliyokuwa nayo Selemani kwa rangi nyeupe, na mimi nilikuwa nimemwambia afuate namba.

Simu ya Selemani haikupatikana. Alikuwa na tabia ya kuizima akipanda ngazi. Nikampigia Bi Fatu, naye akapokea mlio wa pili. Nikasikia vikombe. "Ndiyo kwanza wanakunywa chai," akasema. "Ngazi wameshaisimamisha, springi ziko juu, bado kukaza tu. Nimpe Selemani simu? Yuko hapo nje." Msomaji, hapa ndipo mwaka ule wote uliposimama. Nilitakiwa kusema maneno matano: namba ile si ya kukaza. Lakini nilimwona akilini Bi Fatu akilitoa lile "Injinia" mdomoni kama mchanga. Niliwaona wapagazi. Nikajiambia ni saa moja na kitu tu kwa pikipiki, wenyewe wako kwenye chai, nitafika, nitamvuta Selemani pembeni, tutalimaliza kama wanaume wawili na dunia haitajua. Nikasema, "Hapana, usimsumbue. Mwambie tu nakuja. Nina zawadi yake." Bi Fatu akacheka, akasema atamwambia.

Barabara ile nimeihadithia mara nyingi, na kila nikiihadithia pikipiki inaruka juu zaidi. Ukweli ni kwamba sikumbuki kitu. Nakumbuka vumbi jekundu kwenye meno, na kwamba nilimhesabia dereva bila kujua: moja, mbili, tatu, hadi saba, kisha naanza tena, mpaka akaniuliza kama naswali.

Mlango ulikuwa umefungwa chini na kubanwa kwa jiriwa kwenye reli ili usipande. Springi ya kushoto ilikuwa imeshakazwa na boliti zake zimebanwa. Selemani alikuwa juu ya ngazi kwenye ya kulia, anavuta nondo kwa robo: anachomeka moja tunduni, anavuta, anachomeka ya pili, anachomoa ya kwanza. Robo nne, mzunguko mmoja. Wapagazi wawili walikuwa wanamhesabia. Nilipokanyaga kizingiti cha mlango mdogo wa pembeni walisema, "Nane!" Springi ilikuwa inalia, sauti nyembamba, kama mbu ndani ya chupa.

Nane. Angeweza kubana boliti pale na kushuka. Kwa nane waya ungekuwa manjano, wenye hasira lakini mzima. Na mimi nilifungua mdomo na badala ya kusema nimekosea, nikahutubia. Nilimwona Bi Fatu ananijia na tabasamu, nikanyoosha mikono juu: "Tokeni wote! Springi hiyo ikikatika itaruka mpaka Lindi! Itabomoa ghala! Itaua ng'ombe wa Mtwara!" Wapagazi wakacheka mpaka mmoja akaketi. Selemani akasema kutoka juu, bila kugeuka, "Injinia kaja na redio yake." Akachomeka nondo, akavuta. Nikasema waya ni mbovu, nimeletewa taarifa, waya wote ule ni mbovu. Huo ulikuwa uongo mtupu, na ulikuwa bado unaniokoa uso. "Waya nimeukagua mwenyewe," akasema Selemani. "Wewe juzi umeona panzi wa Marambo ana ukubwa wa kuku." Wakasema, "Tisa!" Pale ikagoma. Akaomba kipande cha bomba, akakivalisha nondo ili irefuke apate nguvu. Nikayaona mapindo yamebana shafti, yamekonda kama nilivyoyaona kwenye kioo. Robo. Nusu. Robo tatu. "Kumi!"

Ndipo nikasema. Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua. "Sele. Nimekosea. Kumi si ya kukaza. Ya kukaza ni saba."

Hakuna aliyecheka. Nadhani ni kwa sababu ya udogo wake. Katika maisha yangu yote lile ndilo neno la kwanza nililolisema kwa kipimo chake. Selemani alinitazama chini ya kwapa lake, mikono yote miwili ikiwa kwenye nondo, na nikaona amenielewa palepale, na kwamba hawezi kuachia. Mtu aliyeshika springi iliyokazwa ni kama aliyeshika mkia wa chui. "Watoe watu," akasema. Bi Fatu akawasukuma wapagazi nje. Selemani akaanza kuirudisha. Robo ya kwanza ikarudi. Ya pili ikarudi.

Hapa sitatia chumvi. Sauti ilikuwa moja tu, ya waya kukatika. Nondo ilizunguka mara moja. Selemani hakupiga kelele. Alishuka ngazi mwenyewe, hatua kwa hatua, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na alipofika chini akaniuliza, "Saba, siyo?" kisha akakaa sakafuni.

Fundi Ausi alifika Ruangwa siku ya pili. Hospitali walikuwa wameshafanya walichoweza kufanya. Alinisikiliza, nikamwambia namba ilikuwa kosa langu, nikamweleza rangi, nikamweleza daftari. Habari ya simu sikuisema. Akatazama springi ya kushoto, ambayo bado ilikuwa pale juu na kumi zake, na watu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara kwa kuiogopa. "Wewe utashika ngazi," akaniambia. Akapanda, mzee yule, akaegemeza sikio karibu na mapindo, akasikiliza muda ambao kwangu ulikuwa kama msimu mzima wa mvua. "Sasa hesabu kwa sauti. Na usiniambie mzunguko. Niambie mzunguko wa nini." Basi nikahesabu: wa kukaza, wa kumi, umetoka. Wa kukaza, wa tisa, umetoka. Oili ilinidondokea usoni na sikuthubutu kuifuta. Nilipofika wa kukaza, wa kwanza, umetoka, alishuka, akaenda kukaa garini, na hakunisemesha mpaka Nachingwea. Siku hizi nina karakana yangu, na humo ndani hakuna mzunguko. Waya una mapindo, nondo ina mikazo, mlango una safari. Wateja huniona mshamba. Programu niliyo nayo sasa ni mpya, ina rangi nyingi zaidi, na sijawahi kuiruhusu ikaze mlango wowote. Mlango nauinua hadi kiunoni, nauachia, nausubiri.

Pale Mtua, masinia yalipoondolewa na yule mgeni kwenda kunawa, tulibaki mimi na Selemani. Nilikuwa nimeamua tangu kaburini. Nikamwambia kuna jambo la siku ile halijui. Nikamweleza simu. Nikamweleza kwamba Bi Fatu aliniambia bado wanakunywa chai, na akataka kumpa simu, na mimi nikasema usimsumbue. Nilisema bila kuongeza kitu, na nilipomaliza nikaona haikuchukua hata muda wa kufunga viatu.

Selemani alitazama mkeka. Akaokota punje mbili za pilau kwa mkono wa kushoto, akaziweka pembeni.

"Bi Fatu alitufikishia salamu zako," akasema. "Alisema Injinia anakuja, ana zawadi yako. Chai yangu ilikuwa nusu kikombe. Nikaiacha. Nikawaambia wale jamaa, twendeni haraka tumalize, huyu bwana mtani wangu, nataka akifika akute mlango wake umesimama."